Kifuniko cha tangi la mafuta kimegoma kufunguka? Anza hivi

Kwenye Toyota nyingi tunazoagiza Japani kuna leva ndogo chini pembeni ya siti ya dereva, ina mchoro wa pampu, ukiivuta inavuta waya mrefu unaopita chini ya kapeti mpaka nyuma, waya unarudisha kipini ndani halafu springi inasukuma kifuniko nje. Sasa kikigoma tafadhali usichokonoe na bisibisi, utabandua rangi bure.

Mwambie mtu avute leva aishikilie hivohivo, we nenda nyuma ukibonyeze kifuniko taratibu kisha achia. Kikitoka basi springi imelegea au vumbi limejaa, ikunje kidogo ije nje au badilisha, bawaba na kipini vifute alafu tia oili kidogo tu.

Bado? Isikilizie leva. Ikiwa nyepesi kabisa, waya umechomoka au umekatika. Fungua buti, toa kava la pembeni upande wa tangi, utauona waya unapoishia, vuta kwa mkono. Mi hii iliniokoa usiku niko sheli na taa ya mafuta inawaka, nikajaza nikaondoka.

Kufunga ni kusukuma tu mpaka kilie tik, kisiposhika ujue kipini kimeganda ndani. Na ule mfuniko wa kuzungusha wa ndani kaza mpaka ulie, maana huo ndo unazuia mvuke wa petroli, sio hiki cha nje.