Namna ya kuhifadhi ujuzi wa warina asali wa Tabora, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa vijana, walimu na maofisa utamaduni wa Sikonge, Urambo, Uyui na wilaya jirani wanaotaka kuhifadhi ujuzi wa ufugaji nyuki wa jadi katika misitu ya miombo, pamoja na nyimbo, miiko na masimulizi yanayoandamana nao. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unatambua maarifa ya mazingira na ufundi wa jadi kuwa sehemu ya urithi huo, na unataka wenye urithi washirikishwe katika kuuorodhesha. Sharti hilo la ushirikishwaji ndilo linaloongoza kazi yote.

Hatua ya 1: Pata ridhaa. Jitambulishe kwa serikali ya kijiji, kisha zungumza na warina wenyewe, kwa sababu kibali cha mwenyekiti hakiwi ridhaa ya mzee mwenye ujuzi. Eleza kitakachorekodiwa, watakaokisikia na mahali kitakapotunzwa. Kubalianeni mapema yapi yatangazwe, yapi yabaki kijijini au ndani ya ukoo, na yapi yasirekodiwe kabisa, hasa yanayohusu dawa na matambiko. Mzee akikataa jambo, usiende kulitafuta kwa jirani yake.

Hatua ya 2: Fuata msimu. Mvua za Tabora hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, na shughuli za msituni hufuata mvua na maua. Kwa hiyo wapangaji wa ratiba wawe warina, si wewe.

Hatua ya 3: Rekodi kazi kwanza, mahojiano baadaye. Wengi huanza na nyimbo kwa kuwa zinapendeza, lakini naona ni heri kuanza na mti. Mrina akiulizwa barazani jinsi anavyochagua mti wa kubandua gome la mzinga, hujibu kwa maneno machache. Akiwa mbele ya mti wenyewe, mtundu au myombo, jibu lake huwa refu, na mikono yake husema mengi kuliko kinywa. Muulize kwa nini amechagua huu na kuuacha ule, gome hukatwaje na kushonwaje kwa vijiti, mzinga hutundikwa wapi, moshi hutumiwaje, hutambuaje kwamba asali imeiva, na masega yenye majana (watoto wa nyuki) huyafanyaje. Picha za video zionyeshe mikono kwa karibu, kisha mti wote pamoja na watu waliouzunguka. Wimbo wenye kiongozi na waitikiaji urekodiwe wote wakiwapo, kwani mzee akiuimba peke yake nyumbani, nusu yake hupotea. Rekodi pia hasara: kubandua gome kuzunguka shina lote huua mti, na warina wana maoni yao kuhusu jambo hilo ambayo vizazi vijavyo vitayahitaji.

Hatua ya 4: Tumia sauti isiyobanwa, yaani faili za WAV za kilohezi 48 na biti 24; saa moja ya rekodi ya stereo huchukua takriban gigabaiti 1. Taja tarehe, mahali na ridhaa mwanzoni mwa kila rekodi.

Hatua ya 5: Andika matini kwa Kinyamwezi, kisha tafsiri kwa Kiswahili. Kinyamwezi hutofautisha maana kwa toni, hivyo mwandishi awe mzawa wa lugha hiyo. Kila jina la mti liambatane na picha ya jani, gome na ua.

Hatua ya 6: Tunza nakala 3 katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya kijiji. Zifungue kila mwaka kuhakikisha bado zinasomeka.

Hatua ya 7: Rudisha kazi kwa wenyewe. Waonyeshe warina video zote kabla ya kuzitoa kwa mtu mwingine, sahihisha wanapokosoa, futa wanachokitaka kifutwe, kisha acha nakala kwa kikundi chao na kwa shule ya karibu. Omba pia kwamba msimu unaofuata vijana wa kijiji waambatane nao msituni, wakibeba kamba na mienge ya moshi badala ya kamera.