Kuchagua mashine ya kuchonga funguo: ushauri kwa fundi wa Goma

Kabla ya kuuliza bei, weka daftari mezani kwa majuma mawili na uandike kila ufunguo unaoletwa, kwa sababu mashine ya bei nafuu inayochonga aina zote vizuri haipo. Ufunguo bapa wa kufuli, wenye meno ukingoni, unahitaji mashine yenye kisu cha duara na taya mbili: moja hushika ufunguo wa mteja, nyingine hushika ule usiochongwa. Ufunguo mrefu wa mlango wa mbao, wenye ulimi mwishoni, huhitaji kisu chembamba cha kukata mifereji. Ule wa magari mengi mapya, wenye mfereji uliochimbwa kwenye ubapa, huchongwa kwa kisu kilichosimama wima. Tena, ufunguo huo ukiwa na chipu ndani, gari halitawaka mpaka chipu hiyo isajiliwe kwa kifaa kingine, basi usimwahidi mteja zaidi ya hapo. Kwa anayeanza kazi Birere, mtaa wa hapa Goma, mimi ningenunua kwanza mashine ya funguo bapa.

Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni taya. Kaza ufunguo, kisha usukume kwa kidole gumba: ufunguo ukicheza hata kidogo, iache mashine hiyo, kwani kosa la sehemu mbili za kumi za milimita laweza kutosha kuzuia pini za silinda, yaani vijiti vidogo vilivyo ndani ya kufuli, zisijipange na ufunguo ukakataa kuzunguka. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, weka funguo mbili zisizochongwa zinazofanana kabisa, uzisogeze na uzungushe kisu kwa mkono. Ncha ya kufuatishia, ile inayopita kwenye meno ya ufunguo wa mteja ili kukiongoza kisu, inapogusa ufunguo wa kwanza, kisu nacho kinapaswa kuugusa wa pili kwa wepesi tu. Hakikisha ncha hiyo ina skrubu ya kuirekebisha, maana kisu hupungua kila kinaponolewa.

Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani, ya volti 120, itaunguza mota yake ukiichomeka moja kwa moja. Kama unategemea jenereta ndogo, kumbuka kwamba mota huvuta nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo nalo hukwaruza reli ambazo taya huteleza juu yake, kwa hiyo tafuta mashine yenye reli zilizofunikwa, na uzifute kila jioni.

Kisu cha chuma cha kasi, yaani chuma kigumu kinachostahimili joto la kukata kwa kasi, kinatosha kwa funguo za shaba. Cha kabaidi, mchanganyiko mgumu sana wa metali na kaboni, huvumilia chuma kigumu, lakini hupasuka kikianguka. Uliza pia kama visu vya akiba vyenye tundu linalolingana na mhimili wa mashine hiyo vinapatikana mjini.

Kabla ya kulipa, nenda na kufuli na ufunguo wake wa asili. Mwombe muuzaji achonge nakala, kisha nakala ya nakala hiyo, kisha ya tatu kutoka ya pili. Kosa dogo la mashine hukua kila hatua. Nakala ya tatu ikifungua kufuli bila kulazimishwa, unaweza kulipa.