Umekabidhiwa nyumba mpya? Usikimbilie kutoboa ukuta

Kwanza piga picha kila ufa na kila panapovuja, umpe mkandarasi orodha kwa maandishi. Soma mkataba: muda wa dhamana mara nyingi ni miezi 6 hadi 12, na ukibomoa kabla haujaisha atasema kasoro ni yako.

Wakati wa marekebisho ukifika, anza na vinavyopita ukutani, yaani waya na mabomba. Rangi na kabati zisubiri. Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 24 kwenye volti 230. Ukiiunga kwenye waya wa soketi, wa milimita za mraba 2.5, utachemka. Vuta wa 6 kutoka meinswichi, wenye breka yake ya ampea 32, na ati, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini, isisahaulike (mafundi huiruka!).

Tangi la lita 1,000 likijaa huzidi tani moja. Lijengee mnara, lisikae darini.