Uingereza: barua yenye neno "charge" usiilipe wala usiipotezee kabla hujaisoma yote

Dar tunalitumia neno hili kutwa nzima: simu haina chaji, fundi kanichaji elfu ishirini, bajaji za usiku zinachaji sana. Ukihamia Uingereza neno hilohilo linakufuata kwenye bahasha, na humo linaweza kuwa ada, adhabu ya serikali, dai la kampuni binafsi au shtaka la jinai. Kwa hiyo angalia kwanza nani ameandika barua na ana mamlaka gani.

Ada ndogondogo hazisumbui. "Service charge" mgahawani mara nyingi ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe. "Free of charge" ni bure. Ukiingia London na gari linalochafua hewa, ada yake iitwayo ULEZ ni pauni 12.50 kwa siku na mwisho wa kulipa ni usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya safari. Hakuna geti wala trafiki wa kukusimamisha, ni kamera tu.

Balaa liko kwenye herufi tatu: PCN. Halmashauri wanaandika "Penalty Charge Notice", kampuni binafsi za maegesho ya supamaketi wanaandika "Parking Charge Notice". Kifupi ni kilekile, na hata ile bahasha ya plastiki ya njano inayobandikwa kwenye kioo cha mbele inafanana. Soma neno la kwanza. Narudia, soma neno la kwanza, kwa sababu njia mbili hizi hazikutani popote.

Ya halmashauri ni adhabu ya kisheria. Una siku 28, na ukilipa ndani ya 14 unalipa nusu. Kama unapinga, andika ndani ya hizo 14, weka picha za kibao, mistari ya barabara na tiketi yako. Halmashauri nyingi zikikataa pingamizi lililowahi zinakurudishia punguzo. Ukinyamaza inakuja "Notice to Owner", nayo ina siku 28 za kupinga rasmi, na wakikukatalia unakwenda kwenye baraza huru bila kulipa ada. Ukinyamaza tena, deni linaongezeka kwa nusu yake, linasajiliwa kwenye kituo cha mahakama kilichoko Northampton, kisha madalali wanatumwa kulichukua gari. Yote hayo yanafanyika bila wewe kusimama mbele ya hakimu hata mara moja.

Ya kampuni binafsi ni dai la mkataba, hawana ruhusa ya kuleta madalali bila hukumu ya mahakama. Hapo ndipo washkaji wanapokwambia "tupa hiyo, hawana meno". Usitupe! Pinga kwa kampuni kwanza, wakikataa peleka kwenye chombo cha rufaa, POPLA au IAS, kutegemea kampuni iko chama gani cha maegesho. Wakifungua kesi unapata fomu ya madai kutoka mahakamani, una siku 14 za kujibu, au 28 ukithibitisha kwanza kwamba umeipokea. Usipojibu, hukumu inatoka bila wewe kusikilizwa na inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6, isipokuwa ulipe deni lote ndani ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba ataiona, benki wataiona, na fomu za viza zinauliza kuhusu hukumu za madeni.

Wengi hawanaswi kwa ubishi, wananaswa na anwani. Kwetu unaingiza namba ya gari mtandaoni, deni linaonekana, unachukua kontrol namba unalipa. Uingereza hakuna sehemu moja ya kuangalia yote hayo. Barua inakwenda kwa anwani iliyo kwenye kadi ya gari, ile V5C. Umehama chumba? Badilisha V5C na leseni kwa DVLA, mamlaka ya magari na leseni, wiki hiyohiyo, ni bure. Waingereza wanaiheshimu karatasi kuliko mtu: barua ikishatumwa kwa anwani ya usajili, inahesabika umeipata. Binafsi naona ni ukatili uliofungwa kwa lugha ya adabu, lakini ndiyo sheria yao. Kama barua za halmashauri hazikukufikia kabisa na madalali wamekuja, jaza fomu TE9 pamoja na TE7 ya kuchelewa.

Na ndugu zetu wa Tabata na Mbagala, tunawapenda, ila "ongea na afande myamalize" tafadhali msimshauri mtu. Huko ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Polisi wakisema umekuwa "charged", hawakudai hela. Umeshtakiwa rasmi, mahakama inafuata. Kukamatwa peke yake bado si kushtakiwa. Kituoni omba wakili wa zamu, ni bure kwa kila mtu, na usikubali "caution", yaani onyo rasmi la polisi, ili tu urudi nyumbani: ni kukiri kosa, na fomu za viza zinaiuliza.

Mwisho ni hospitali. Mama akija kukutembelea kwa viza ya matembezi, huduma ya kitengo cha dharura ni bure, lakini akilazwa wodini England anatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Deni likifika pauni 500 na kupita miezi miwili, taarifa inakwenda Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani, na viza yake ijayo inaweza kukataliwa. Mkatie bima ya safari kabla hajaondoka Dar, na umtajie kampuni magonjwa yake yote, presha na sukari zikiwemo, ukificha, hawalipi. Kama bili imeshatoka, piga simu idara ya hesabu ya hospitali kabla miezi miwili haijaisha, omba kulipa kwa awamu, na makubaliano yawe ya maandishi kwa jina la mama, namba ya pasipoti ikiwa sahihi.