Kompyuta ikianza kutoa mlio wa ajabu

Kompyuta iliyokuwa kimya ikianza mlio usioujua, usikimbilie kubadilisha feni. Chukua bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe polepole karibu na kasha. Linaonyesha mahali hasa mlio unapotoka, kweli kabisa. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza ukurasa au ukifungua gemu kwa kawaida si feni bali koili (nyaya zilizoviringwa) za kadi ya picha au za pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Unakera, ila hauharibu kitu. Mtetemo unaokoma ukikandamiza kasha kwa kiganja? Kaza skrubu. Lakini ukisikia diski ya kuzunguka, ile inayohifadhi mafaili, ikigonga tk-tk-tk, acha uchunguzi wote, nakili mafaili yako kwanza, leo hii.