Redio ya babu imenyamaza: anzia hapa

Binamu yangu ameshuka kutoka Marangu na Philips ya babu: kava la ngozi zima, sauti hakuna. Kama nawe umeokota yako kwenye soko la mitumba la Kiboriloni, Moshi, fuata hivi.

1. Kabla ya kutaja bei, kagua gamba. Ukimya unatibika, plastiki iliyopasuka haitibiki.

2. Safisha uchafu wa betri. Za kaboni na zinki huvuja asidi: pamba yenye magadi na maji. Za alkalini ni kinyume, zinataka siki.

3. Weka umeme. Redio nyingi za miaka ya 1960 zenye transista (vijipande vinavyokuza mawimbi) za jemaniamu, ya kizamani kabla ya silikoni, huunga chanya ya betri kwenye bodi (chasisi), si hasi. Ukigeuza, umeua. Betri ya PP9 usihangaike kuitafuta. Betri ndogo sita za volti 1.5 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 9 zilezile. Adapta ya chaja kaa nayo mbali, inajaza makelele.

4. Bado kimya? Hapa niliwahi kupoteza Jumapili mbili, nimebadilisha kapasita zote, hata spika, bure. Tafuta transista zilizoandikwa AF114 hadi AF117. Ndani ya kopo la chuma la transista hizo huota nyuzi za bati, nyembamba kuliko unywele, zikagusa sehemu za ndani na kupiga shoti. Kila transista ina miguu minne: mmoja umejitenga, na unaoufuata ndio uliounganishwa na kopo. Toa betri, kata huo wa kopo katikati, uache kisiki juu na chini ili uweze kuurudisha. Kisha pima kwa mita kutoka kwenye kopo hadi kila mguu uliobaki. Haipaswi kupitisha kabisa. Ikipitisha kwa mguu mmoja, mara nyingi kule kukata kumetosha na redio itaongea. Ikipitisha kwa miwili, nyuzi bado zinaiunganisha kupitia kopo. Badilisha transista, na iwe ya jemaniamu. Fundi atakayekushauri uweke ya silikoni moja kwa moja, mshukuru uondoke. Ukilehemu, shika mguu kwa koleo ili joto lisipande.

5. Kitufe cha sauti kikikwaruza, dawa ya kusafishia swichi. Si mafuta ya cherehani!

6. Subiri usiku, masafa ya kati husafiri mbali zaidi. Antena ni kile kijiti cha feriti ndani, kwa hiyo geuza redio yenyewe. Ya binamu ilipoelekezwa dirishani ilikamata mtu akisoma habari kwa Kiarabu. Shangazi akasema, "Iacheni hapohapo."