Kabla ya Kufungua Saluni ya Urembo Tanga: Chumba, Dawa na Taa Mbele ya Sheria za Usalama

Mtu anayekusudia kufungua saluni ya urembo jijini Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni au Makorora, mara nyingi huanza kwa kutafuta fremu, hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hununua madraya na viti, kisha ndipo huuliza anatakiwa awe na kibali gani. Mpangilio huo huwatia wengi hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya masharti ya usalama inahusu chumba chenyewe, yaani mlango wake, hewa yake, nyaya zake na mahali yanapokwenda maji yake machafu, na chumba kibaya hakigeuzwi kuwa kizuri na cheti. Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote yatakayofuata ni kumwomba afisa afya wa kata aitazame fremu kabla fedha ya pango haijatoka mkononi.

Katika kuitazama, hewa itangulie. Dawa za kulainisha nywele, asetoni ya kusafishia kucha na baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zinazotoa mvuke wa fomalini zikipashwa moto, zote humwingia kifuani anayezitumia kutwa nzima, na mfanyakazi ndiye anayeumia zaidi kuliko mteja anayekaa saa mbili na kuondoka. Kwa joto la Tanga wengi hufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi wakiamini wamemaliza kazi, ilhali kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha na kupoza hewa ileile iliyomo ndani. Panahitajika matundu mawili yanayotazamana, au feni ya kutoa hewa nje iliyofungwa karibu na mahali dawa zinapochanganywa. Sakafu iwe ya kusafishika, pawe na sinki lenye maji yanayotiririka na choo kinachofikika. Milango ya nondo, ambayo ndiyo desturi yetu kwa hofu ya wezi, isifungwe kwa kufuli wakati watu wamo ndani. Na mlango wa nyuma, ukiwepo, usizibwe na maboksi ya nywele bandia.

Umeme ndio unaostahili fundi wa kweli, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambaye unaweza kumwomba akuonyeshe leseni hiyo bila kuona haya. Hesabu yake ni nyepesi: soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,000 hivi, na draya la mkononi peke yake linaweza kula wati 1,500 au zaidi. Ukichomeka madraya mawili na stima ya nywele kwenye ekstensheni moja, waya unapata moto taratibu ndani ya plastiki yake, na siku ya mkesha wa Idi, saluni inapojaa mpaka barazani, ndiyo siku unapoungua. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari kuna la ziada, kwani hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya na soketi mapema kuliko bara, na mikono ya saluni haikauki. Kifaa cha kukata umeme unapovuja kwenye ubao mkuu si cha kubania fedha.

Hapo ndipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapoingia, chini ya sheria yake ya mwaka 2007. Watataka kuona mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au wa gesi ya kaboni, uliokaguliwa na unaofikika bila kusogeza kiti, pamoja na njia ya kutokea. Namba yao ya dharura, 114, ibandikwe ukutani. Mtungi peke yake hautoshi iwapo hakuna msusi hata mmoja aliyewahi kuushika, kwa hiyo siku mkaguzi anapokuja, muombe awaelekeze wafanyakazi wote namna ya kuutumia.

Upande wa wafanyakazi unasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mahali pa kazi panasajiliwa, wafanyakazi wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo, sanduku la huduma ya kwanza linakuwepo, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anateua mwakilishi wa usalama na afya kwa maandishi. Wenye saluni ndogo hupenda kusema kwamba wasusi wao si waajiriwa bali wanakodi kiti. Hoja hiyo isikufanye usiwape glavu.

Dawa na vipodozi ndivyo vinavyohitaji muda mrefu zaidi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Soma lebo kabla ya kununua mzigo, ukijua kwamba zebaki huandikwa pia kwa jina la kalomeli, na kwamba huharibu figo za mpakaji. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi isipokelewe hata ikiuzwa kwa nusu bei. Kuhusu mkorogo unaochanganywa kwenye ndoo nyuma ya pazia, sioni njia yoyote ya kuuhalalisha, na mteja anayeuomba afadhali akasirike aende zake.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, nayo imezoeleka mno Pwani kiasi kwamba hakuna anayeihesabu kuwa kemikali. Hina safi ya majani hutoa rangi ya hudhurungi na huchukua saa kadhaa kukolea. Weusi wa haraka unaopendwa na mabibi harusi hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Sheria za Ulaya huiruhusu kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, lakini haziiruhusu kuchorwa kwenye ngozi, kwa sababu huweza kuleta malengelenge na makovu, na mtu akishadhurika nayo mara moja mwili wake unaweza kuikataa maisha yake yote. Saluni inayoandaa maharusi, yenye singo na mapambo yote, ijenge sifa yake kwa hina. Kwa rangi za nywele, mjaribishe mteja kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, na uandike kwamba umefanya hivyo.

Kuhusu vifaa vya kukatia, wembe ni wa mtu mmoja kisha unaingia kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Mikasi na vikata kucha vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo vilowekwe dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, visuuzwe na kukaushwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi kwenye kifaa kikavu kwa siku 7, na chanjo yake ipo. Mwajiri mwenye busara huwalipia wafanyakazi wake.

Zimebaki taa. Huenda ukashawishiwa kununua kitanda cha taa za kubadili ngozi kuwa ya kahawia kilichotumika Ulaya, kwa matumaini ya watalii. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vitanda hivyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, Brazili ikavipiga marufuku mwaka huohuo kwa matumizi ya urembo, na Uingereza ikapitisha sheria mwaka 2010 ya kuwazuia walio chini ya miaka 18. Kwetu, udhibiti wa mionzi ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na ndiko kwa kuuliza kabla ya kulipia kontena. Kwa maoni yangu, mtalii anayetaka jua Tanga hahitaji kuuziwa taa. Taa ndogo za kukausha kucha za jeli zina nguvu ndogo, lakini mteja apewe glavu zisizofunika ncha za vidole, au mafuta ya kukinga jua.

Karatasi zenyewe hazina ugumu: jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipa kodi TRA, leseni ya biashara kupitia Halmashauri ya Jiji, na usajili wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zenye ukomo wa mwaka huwa haziishi muda wake siku moja, hivyo andika tarehe zake kwenye kalenda ya ukutani. Nakala zikae kwenye faili ndani ya saluni, na kila mfanyakazi ajue lilipo, kwa kuwa mkaguzi hatoi taarifa kila mara na anaweza kufika siku mwenye saluni amesafiri kwenda Muheza kwenye shughuli.